Maua ya Nzi ya Mama Ushindi

Ninyi mnaopanga visashe vya maua, vile vifuko vya plastiki, kando ya barabara ya kutoka Goma kwenda Sake, nimewasoma siku nyingi. Kila juma mmoja wenu anakuja kunisalimia, anakunywa chai yangu, anasifu nyumba, anasifu hata mbuzi wa jirani, na mwisho anatoa simu mfukoni kunionyesha picha: ua kubwa lenye pembe tano, rangi ya ngozi ya mgonjwa, lenye manyoya na mistari myekundu. "Mama Kahindo, haya maua inaitwa aje? Tutaipata wapi?" Mnajua vizuri kwamba ninalo. Liko nyuma ya nyumba, juu ya ukuta wa mawe, na mmeshalichungulia kupitia uzio. Basi leo nitawaambia, lakini mkae hadi mwisho, maana mna tabia ya kuchukua dawa na kuacha masharti.

Sisi tuliliita ua la nzi. Lina jina lake la kitaalamu, refu, ambalo Papa Bauma alilijua lakini alilitamka akiwa amelewa tu. Papa Bauma alikuwa Muhunde wa milima ya Masisi, mkulima wa bustani kwenye nyumba ya masista, na ndiye aliyenipokea nilipokuja kutoka Butembo nikiwa msichana wa kumwagilia maji. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii ya kuotesha na kuuza maua, niliyoifanya hadi magoti yakakataa.

Mmea wenyewe hauna jani wala mwiba. Ni vidole vya kijani vyenye kingo nne, vinene, vimesimama ndani ya chungu, na vinaweza kusimama hivyo miaka bila kukuambia lolote. Halafu siku moja, chini kabisa ya kidole, unaona kitumba. Kinavimba polepole, kinakuwa kama ngumi ya mtoto mchanga, kimefungwa. Kisha, siku ya joto, mchana kweupe, kinafunguka, na watu wa nyumba wanaanza kutafuta panya aliyekufa.

Linanuka. Sitaki mtu aje kuniambia kwamba sikusema. Linanuka nyama iliyokufa, kwa sababu halitaki nyuki, linataka nzi. Nao nzi wanakuja, wanatua katikati, wanataga mayai wakidhani wamepata mzoga. Mayai yanaanguliwa, funza wanatoka, wanatafuta chakula, hakuna chakula, wanafia palepale juu ya kitu kizuri. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilimuuliza Papa Bauma kama ua linajua linachofanya. Akanijibu, "Weye umeletwa kumwagilia, hapana kuuliza." Akaendelea kupalilia. Baadaye, bila kunitazama, akasema, "Inajua."

Kulipanda ni rahisi kuliko kupanda kitunguu, na ndiyo maana wengi huliua. Unakata kidole kimoja kwa kisu kisafi, halafu hukipandi. Hapo ndipo mnaposhindwa, kwa sababu mkono wa kijana haujui kukaa. Unakiweka kivulini juu ya gazeti, unakisahau mpaka kidonda kikauke na kufanya ngozi. Ukikipanda kibichi kitaoza kuanzia chini, na juu kitaendelea kuonekana kizima kwa muda mrefu sana. Nimeona watu wakimwagilia mmea uliokwisha kufa, wakiusifu mbele ya wageni.

Udongo mnaukanyaga kila siku. Kwetu Butembo, kwenye udongo mwekundu mzito, wangehangaika, lakini hapa volkano imetufanyia kazi yote. Twanga mawe meusi mpaka yawe kama punje za mahindi, pepeta vumbi lote, changanya na konzi moja tu ya udongo wa Masisi. Chungu kiwe kidogo; kopo la maziwa ya unga linatosha, ulitoboe chini kwa msumari. Na usimwagilie kwa huruma. Huruma imeua mimea mingi kuliko ukame. Subiri hadi vidole vipate makunyanzi, ndipo unampa maji kidogo asubuhi; mmea huu mimi humtaja kama mtu. Mvua ya Goma usimwachie hata kidogo, muweke chini ya ukingo wa bati, lakini si pale matone yanapoangukia. Na mlima ukitema vumbi, mvua ikawa na ladha ya misumari, mpanguse kwa kitambaa, la sivyo atapata madoa kama ya ndui.

Ukiona unga mweupe kwenye mizizi, hao ni wadudu. Papa Bauma aliwapaka kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, kwa unyoya wa kuku. Kanyanga iliyobaki aliipaka ndani ya koo lake mwenyewe, kwa kinga, alisema.

Mahali pa kuweka chungu, hilo ni somo jingine, na somo hilo nililipata huko Lac Vert, kwenye ziwa dogo nje ya mji. Mteja mmoja alikuwa analalamika kwamba kila kitu anachopanda sehemu ya chini ya kiwanja chake kinakauka, na cha juu kinastawi. Alikuwa amenunua mimea tena na tena, na tayari alikuwa amegombana na jirani kwa habari za uchawi. Mimi na Papa Bauma tulifika asubuhi isiyo na upepo. Kweli, kulikuwa na mstari, kama mtu aliyepima kwa kamba: juu kijani, chini kahawia. Na kwenye shimo lililokuwa huko chini, mbuzi alikuwa amelala, miguu ameikunja vizuri, macho wazi, na karibu naye ndege wadogo, bila jeraha. Nilitaka kushuka nimwangalie. Papa Bauma alinishika kitenge kwa nyuma akanivuta hadi nikakaa chini. Akawasha karatasi, akaishusha kwa ncha ya fimbo. Moto ulipofika pale chini ulizimika, taratibu, bila moshi kupeperuka.

"Mazuku," akasema. Ni hewa inayotoka chini ya ardhi, inakaa kwenye mabonde kama maji, haina rangi wala harufu, na aliyeinama ndani yake hainuki. Tangu siku ile ninaogopa mahali pasiponuka kuliko panaponuka. Basi msiweke vyungu vyenu mashimoni, na msiwatume watoto kuvichukua huko.

Nilikuwa na wateja wa kuchekesha pia. Mfanyakazi mmoja wa ofisi, mtu wa tai, alinunua ua la nzi akaliweka sebuleni nyuma ya pazia ili limshangaze mkewe. Likachanua yeye akiwa safarini. Mke alibomoa dari kutafuta panya, akazibua choo, na mwisho akaita kikundi cha maombi. Waliomba kwa bidii mpaka ua likaanguka lenyewe, harufu ikaisha, na ushuhuda ukatolewa kanisani mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Nilisema amina.

Halafu ukaja mwaka wa wakimbizi, na mchezo ukaisha.

Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Watu walivuka mpaka kutoka nchi jirani hadi barabara ikakosa nafasi ya kuweka mguu. Walilala juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo jembe haliingii, na ugonjwa wa kuhara ulipowashika hapakuwa na udongo wa kuchimba kaburi. Waliokufa walifungwa kwenye mikeka wakalazwa kando ya njia, mstari mrefu, kama mnavyopanga ninyi maua yenu. Harufu iliingia ndani ya mito ya kulalia, ndani ya unga, ndani ya nywele. Mwaka ule ua langu lilichanua na hakuna aliyejua, hata mimi niliyelipanda. Nililikuta limeshaanguka.

Baada ya hapo hakuna mtu wa Goma aliyetaka kuliona. Wateja walianza kuyarudisha. Hawakubisha hodi, hawakuniuliza kitu, waliyaacha tu mbele ya lango. Nilikuwa ninafungua asubuhi ninakuta makopo yamesimama njiani, yamenielekea, na hakuna mtu. Niliyabeba moja moja nikayapanga juu ya ukuta wa nyuma. Nikiwa ninafua nguo nilikuwa ninahisi yananitazama mgongoni, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo.

Vita vikafuatana, mpaka tukaacha kuvipa majina. Ndani ya mojawapo ndipo ninapomkumbuka Mama Ushindi.

Alikuwa mjane wa kutoka Masisi, alikaa mtaa wa Majengo, karibu na mimi, nyumba ya mbao juu ya mawe, na uzio wa mianzi. Mtoto wake mmoja tu, Ushindi, alikuwa anasukuma chukudu. Ndiye aliyenibebea mawe ya kutwanga kwenye kile kigari chake cha mbao, akiimba vibaya. Siku moja aliangalia yale makopo ukutani akaniuliza, "Mama Kahindo, mu hizi zote, gani haikufake mbio? Mama yangu anauwaka kila kitu na maji." Alitaka mmea usiokufa upesi; nikampa kopo moja la ua la nzi, maana huo haudai maji. Alimpelekea mama yake asubuhi ile ile aliyokuwa anaondoka na rafiki yake Muhindo, kila mmoja na chukudu yake, kufuata viazi milimani. Akamwambia, "Ikitoa maua, nitakuwa nimesharudi." Alisema tu, kama vijana wanavyosema kitu wakiwa mlangoni.

Muhindo alirudi peke yake, baada ya muda mrefu, amekonda, bila chukudu. Alisema watu wenye bunduki waliwakamata wawabebee mizigo, wakaachanishwa njiani, zaidi ya hapo hajui. Kuanzia siku hiyo hakupita tena mbele ya uzio wa Mama Ushindi. Alipopata chukudu nyingine alikuwa anazunguka mbali, juu ya mawe makali yanayokula magurudumu, ili asipite pale. Sote tuliona. Hakuna aliyemuuliza.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana ninyi mnatangaza misiba kwa simu. Katika mtaa wetu, Wahunde na sisi Wanande pia, habari ya kifo haikuletwa mikono mitupu. Unaleta mwili. Ukishindwa mwili, unaleta shati, mkanda, hata udongo wa pale alipolazwa. Anayekuja na mdomo peke yake anaonekana kama ndiye aliyemuua mtu, au anayetamani afe. Zamani ilikuwa heshima. Vita vilipokuja ikawa jela. Watu walikufa mbali, waliowaona walitoroka uchi, hawakuwa na kitu cha kuleta, basi walinyamaza. Majengo ikajaa watu ambao hawakuwa hai wala hawakuwa wamekufa. Sahani zao zilikuwa zinaoshwa na kurudishwa kabatini.

Mama Ushindi alikuwa anaulizia kwenye kila lori. Na kila aliyemsalimu alimtaja mtoto, kwa sababu hakuwa na jina jingine. Alikuwa anaitika haraka, halafu anageuza shingo kuangalia nyuma yako.

Siku moja akaja kwangu na kopo limefunikwa kitenge.

"Mama Kahindo, hii maua ya mutoto wangu inakatala kutoa."

"Unaiweka wapi?"

"Chini ya kitanda. Banaweza kuiiba."

"Chini ya kitanda hata weye hauwezi kutoa maua."

Hakucheka. Nilimwona amekuja kutafuta jambo kubwa, nikamvuta kiti. Nilijua la kufanya ili mmea ule uchanue, na nilijua utakachomletea ndani ya uzio wake. Nikaona ni vizuri nimwambie waziwazi.

"Sikia, mama. Haya maua haiko sawa zile zingine. Ikifunguka inanuka. Inanuka sawa kitu yenye kufa."

Akafikiri. "Sawa mutu?"

"Sawa mutu."

"Ushindi akitoka kule mu pori, naye atanuka," akasema. "Nitamuogesha. Unionyeshe tu namna ya kufanya."

Nilimwonyesha. Ningefanya nini? Miezi ya kiangazi, kopo likae juu ya ukuta wake wa nyuma, lipate jua la asubuhi, na lisiguswe na maji. Ua la nzi haliji kwa kubembelezwa. Mmea ukiteseka kidogo ndipo unafikiri kuhusu watoto wake. Niliwahi kumkuta amesimama mbele ya kopo na kikombe cha maji mkononi, hawezi kulinyima. Nikamnyang'anya kikombe nikanywa mimi. Kiangazi kilipokwisha tukampa maji kidogo, na baada ya mvua za kwanza akaniita nikaone. Chini ya kidole kimoja kulikuwa na kitumba.

"Sasa usigeuze kopo," nikamwambia. "Ukigeuza, kinaanguka." Akaweka mawe pande zote ili hata kuku asilisogeze.

Kuanzia hapo nilianza kuogopa kwenda kwake. Alikuwa ameosha shati la Ushindi na kulitundika msumarini. Alikuwa anakaa kwenye kigoda mbele ya kitumba, akikisemesha kwa Kihunde, kisha ananyamaza muda ule ule ambao mtu hunyamaza akijibiwa, kisha anaendelea. Na kulikuwa na nzi. Kitumba kilikuwa bado kimefungwa, mimi nilikiinamia nikanusa na hakikuwa na harufu yoyote, lakini nzi walikuwa wamekwisha kuja, wametua kwenye mianzi ya uzio, mstari mzima, wametulia, vichwa vyote upande mmoja. Nimefanya kazi ya maua maisha yangu yote. Jambo hilo sijaliona tena, na sina maelezo yake.

Lilifunguka siku ambayo yeye hakuwepo. Alikuwa amekwenda upande wa Lac Vert kuchimba viazi vitamu vyake tangu alfajiri. Jua lilikuwa kali baada ya mvua. Mimi nilikuja mchana kumwangalizia kitumba, na kabla sijafika kwenye kona nikaona tawi bichi limefungwa kwenye lango lake, lile tawi la msiba. Nikadhani amekufa. Nikaingia mbio.

Ndani, moto wa kilio ulikuwa umewashwa katikati ya kiwanja. Majirani walikuwa wameleta viti na mikeka, wanaume upande wao, wanawake upande wao, wanaongea chini chini. Mama Furaha, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja kunipokea.

"Nani amekufa?" nikamuuliza.

"Usiseme kwa nguvu. Ushindi. Bamemuleta. Mama yake amemuficha kule nyuma sababu anaogopa baaskari, haweze hata kulia. Tukasema hapana, hatumuache pekee."

Mnaelewa? Zama zile kijana aliyefia kwenye mikono ya watu wenye bunduki alikuwa analetwa kwa siri, na kumlilia kwa sauti kulikuwa kunaleta maswali. Walinusa, wakahesabu moja na moja, wakaja kumsaidia mwenzao. Walikuwa wamekuja kwa upendo, na ndiyo maana nilishikwa na huzuni.

"Mama Furaha," nikasema, "ile ni maua."

Alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. "Mama Kahindo, hii harufu tulilala nayo mwaka wa wakimbizi. Usitufundishe."

Na mimi nilikuwa ninainusa, na mwili wangu ulikuwa upande wake. Mimi niliyejua kila kitu kuhusu mmea ule, nilisimama pale nikiwa na hakika kwamba nyuma ya nyumba kuna mtu amelala. Nzi hawakuwepo tena kwenye uzio.

Ndipo nilipomwona Muhindo. Alikuwa ameingia kwa lango lile alilolikimbia muda wote, amekaa chini kabisa, karibu na moto, ameinamisha kichwa.

Mama Ushindi aliingia akiwa na kikapu chake mgongoni, kamba kwenye paji la uso, ameinama kama wanawake wetu wanavyoinama chini ya mzigo, basi hakuona mpaka alipofika katikati. Wanawake walianza kulia. Akainua macho. Akaushusha mzigo polepole sana.

"Ni nani?" akauliza.

Kila mtu alifikiri mama mwenyewe anajua. Muhindo ndiye aliyesogea, kwa magoti.

"Mama, unirehemu. Nilikuwa naye mpaka mwisho. Sikukuwa na kitu ya kukuletea, hata kifungo ya shati. Ningekuya kukuambia na nini? Sasa minaona amefika mwenyewe, ndio nasema."

Akasema yote, mbele ya moto, kwa sauti ndogo. Jinsi walivyobebeshwa mizigo hadi mabega yakachubuka. Jinsi mguu wa Ushindi ulivyovimba, akashindwa kutembea, na wale watu wakamwacha kando ya kijito bila hata kumpiga risasi. Muhindo aliwatoroka akarudi kwa Ushindi. Alimshikilia hadi alipokata roho, naye Ushindi akimwita mama yake kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Kisha alimfunika na kukimbia, maana walikuwa wanamtafuta.

Mama Ushindi hakulia. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akageuka akaenda nyuma ya nyumba, na watu wakampisha njia, wanaume wakavua kofia. Tulisikia mawe yakisogezwa. Akarudi amelikumbatia lile kopo, ua limefunguka lote, kubwa kuliko nililowahi kuona, la rangi ya ngozi, nzi wamelijaa wanamfuata hadi usoni na yeye hawafukuzi. Akaliweka juu ya mkeka, pale ambapo maiti ingelazwa.

"Ndio hii munanusa," akasema. "Hakuna mutu kule nyuma."

Mama Furaha alishika mdomo. Lakini mimi nilikuwa ninamtazama Muhindo. Niliona jinsi alivyoelewa, polepole, kuanzia shingoni: kwamba hakukuwa na mwili, kwamba alikuwa amemwambia mama kifo cha mtoto wake kwa mikono mitupu. Alitaka kuinuka akimbie. Nadhani angekimbia hadi ziwani.

"Kaa," Mama Ushindi akamwambia. "Ulimufunika na nini?"

"Majani, mama. Majani mengi."

"Uso yake uliielekeza wapi?"

"Ku njia ya kuya huku."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akapiga magoti, akashika lile ua kwenye shina lake akalikata kwa kucha. Mimi nilinyoosha mkono kumzuia, kwa ujinga wa kazi, maana lilikuwa na siku mbili tatu za kuishi bado. Hakuniona. Akamfungua Muhindo viganja, kimoja kimoja, kama unavyomfungua mtoto aliyeshika kitu, akaliweka ndani.

"Sasa hauna mikono mitupu," akasema. "Toka inje. Upite ku lango. Uingie tena, uniambie."

Muhindo alitoka akiwa amelibeba mbele yake kwa mikono miwili, na nzi wakatoka naye. Tulimsikia amesimama nje ya tawi, anapumua. Mama Ushindi alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akajifunga kitenge kiunoni vizuri kama mwenye msiba. Kijana akaingia. Alitembea hadi mbele yake, akapiga magoti, akalishusha ua juu ya mapaja yake.

"Mama Ushindi," akasema, "nimekuletea mutoto."

Hapo ndipo mama alipopiga ukelele wa kwanza, na sisi wote tukampokea kwa kilio.